Tovuti ya Parokia Iliniozesha Bila Kuniuliza

Jumapili moja, katikati ya misa, nilisikia padri akitangaza ndoa yangu.

Sikuwa na mchumba.

Sikuwa hata na mtu wa kunitumia "bonjour" ya asubuhi, achilia mbali pete.

Naitwa Josée. Nakaa Likasi, nina miaka thelathini na moja, na kazi yangu ni kutengeneza tovuti. Kwetu ukisema hivyo, mtu anakutazama kwa huruma halafu anauliza, "Bon, na kazi yako ya kweli njo gani?" Mama yangu mwenyewe, Mama Germaine, akiulizwa binti yake anafanya nini, anajibu, "Iko na ordinateur," yaani kompyuta, kwa sauti ile ile ya kusema fulani ana malaria.

Sasa turudi kanisani.

Nilikuwa benchi la nne, mama ubavuni. Abbé Albert, padri wetu, ni kijana bado na anapenda mambo ya kisasa kuliko vijana wenyewe. Tangu parokia ipate tovuti, karatasi hataki kuziona. Matangazo anasoma kwenye tablet, moja kwa moja kutoka mtandaoni.

Tovuti hiyo niliijenga mimi. Kumbuka hapo.

"Kuna ahadi ya ndoa," akaanza, "kati ya bwana Hervé Kalenga..."

Nikapiga mwayo.

"...na mademoiselle Josée Mbuyi."

Mwayo ukaganda mdomoni.

Nikajisemea, Josée Mbuyi wako wengi, Likasi si kijiji. Lakini Abbé akainua kichwa, akanitafuta kwa macho, akanipata, akacheka meno yote nje.

"Ah, Josée wetu wa site! Ulituficha, ma fille! Na photo yako iko hapa. Félicitations!"

Kanisa zima likageuka.

Mama yangu analalamikia goti tangu mwaka juzi. Kupanda ngazi tatu za ofisi ya posta ni lazima ashikwe mkono. Siku hiyo aliruka. Naapa, aliruka, akapiga vigelegele hadi mpiga kinanda akadhani ameitwa, akaanza kupiga.

"Mamu wanyi!" akalia kwa Kiluba cha wazee wake waliotoka Kasai, akimwita mama yake na Mungu. "Nzambi alisikia! Nzambi alisikia!"

Mimi nilikuwa namvuta kitenge akae.

"Mama, kaa. Mama, simujue ule muntu."

"Nyamaza, mutoto. Acha nifurahi kwanza, utaniambia uongo nyuma."

Ndipo nikaona, mabenchi mawili mbele yetu, dada mmoja aliyejifunga kilemba cha rangi ya dhahabu akigeuka taratibu. Alinitazama kuanzia nywele hadi viatu. Kushoto kwake alikaa mzee mnene mwenye mikono iliyofungwa kifuani. Kulia kwake alikaa kijana mtanashati, tai nyekundu, mdomo wazi kama mlango wa duka.

Yule wa tai ndiye aliyekuwa Hervé.

Na yule dada, Danielle, ndiye aliyekuwa mchumba wake wa kweli.

Misa ilipoisha nilitaka kupita mlango wa pembeni. Haikuwezekana. Mama alinishika mkono kama mtu aliyekamata kuku wa sikukuu, akanitoa kwa mlango mkubwa ili watu wanione.

Mzee mnene alikuwa ananisubiri pale uwanjani.

"Mademoiselle. Minaitwa Casimir, njo mujomba ya Danielle. Wazazi yake balishakufa, mi njo nilimukomesha, nilimulea mi mwenyewe. Familia yetu ilishapokea bakwe. Mali ya ndoa ilishakuliwa. Sasa weye unatokea wapi?"

"Papa Casimir, pardon, ni erreur, ni kosa. Ni programu ya site iliyo..."

"Programu!" Danielle alipaza sauti, akahakikisha hata wale wa mbali wanasikia. "Bantu, mumusikie! Bengine banaiba bwana ya bantu na dawa. Huyu anaiba na ordinateur!"

Watu wakacheka. Wengine wakapiga makofi kabisa. Mimi machozi yalikuwa karibu, lakini kuna kitu nilikiona bila kukielewa: Danielle alipiga kelele kama mtu aliyejifunza maneno kwa ajili ya mchezo wa shule. Macho yake yalikuwa makavu. Kila akimaliza sentensi, alimtazama mjomba wake kwanza, si mimi.

Hervé akasogea, simu yenye ukurasa ule mkononi, akinyoosha tai.

"Mademoiselle, mi sikujue weye."

"Hata mi sikujue weye."

"Mais photo ilitoka muzuri."

Mungu wangu. Mwanaume, mbele ya mchumba wake, mbele ya mjomba wa mchumba wake!

Mama yangu akanong'ona, "Si unaona? Alishakupenda."

*

Ngoja nikueleze mashine ilivyonifanya bibi harusi, maana ukishajua utanicheka vizuri.

Ukurasa wa tovuti ile unapangwa kwa vipande. Sisi wa kazi tunaviita bloku. Kuna bloku ya saa za misa, bloku ya misiba, bloku ya habari za parokia, bloku ya ahadi za ndoa. Mwanzoni nilikuwa napanga kwa mkono: hiki juu, hiki kando, kile kitoke. Kila Jumamosi kazi hiyo hiyo. Nikachoka. Nikaandika programu ipange yenyewe.

Ikawa kama mhudumu mzuri wa harusi. Kukiwa na msiba, programu inachukua bloku ya msiba inaikalisha mbele. Jumamosi ikifika, saa za misa zinapanda juu. Wachumba wakiandikishwa, bloku yao inajikalisha katikati ya ukurasa, na majina na picha zao.

Nilijivuna sana. Nilimwonyesha hata mama. Akasema, "Na chakula je, inapika?"

Sasa, kwenye bloku ya habari nilikuwa nimeweka amri moja: jina la mwandishi likikosekana, chukua jina la mwenye akaunti iliyotumika, na picha yake. Akili, sivyo? Habari isiyo na jina inapata jina.

Nilipotengeneza bloku ya ndoa, sikuanza upya. Nilinakili ile ya habari, nikabadilisha maneno. Ile amri ikahamia humo kimya kimya, kama mende anavyohamia nyumba mpya ndani ya sanduku la vyombo.

Kwa hiyo: jina la bibi harusi likikosekana, chukua jina la mwenye akaunti.

Na akaunti iliyotumika ilikuwa yangu! Papa Stanislas, katibu wa parokia, mzee wa miwani mbili, moja puani na moja kwenye paji la uso, alikuwa amesahau nywila yake. Nilimwachia yangu "kwa muda". Unajua "kwa muda" ya Likasi.

Jumatatu asubuhi nilikuwa ofisini kwake.

"Papa Stanislas, jina ya Danielle iliendaka wapi?"

Akavua miwani ya puani. Akaifuta. Akaivaa. Akavua ile ya paji.

"Haikukuwa."

"Namuna gani haikukuwa? Ya Hervé iko, ya wazazi yake iko, parokia alipobatizwa iko. Jina ya bibi njo haina?"

"Ma fille," akasema, akikohoa kikohozi kisicho na ugonjwa, "pengine tuache kwanza vile. Tungojee kidogo."

"Tungojee nini? Mujomba yake anataka kunipasua!"

"Mi nasema tu... haraka si muzuri."

Sikumsikiliza. Nani anamsikiliza mtu wa miwani mbili? Nilimpigia Papa Casimir, akanipa jina kamili la mpwa wake kwa furaha, herufi kwa herufi, na jina la ukoo wa babu juu yake kama nyongeza. Nikaandika. Nikaweka picha. Nikaondoa ile amri ya mende. Halafu, kwa kuwa nilikuwa na hasira na kila mtu, nikabadilisha nywila yangu, nikaufunga ukurasa ule usiguswe na yeyote ila mimi.

"Voilà," nikasema. "Sasa hata shetani hawezi kufuta."

Papa Stanislas alitazama kioo cha kompyuta.

"Ni kweli," akasema. "Hakuna tena atakayeweza."

Nikadhani ananisifu.

*

Wiki hiyo mji ulinila nyama.

Mtu alikuwa amepiga picha ukurasa kabla sijaurekebisha, akautupa WhatsApp. Kufika Jumanne, nilipokuwa nanunua lengalenga, mchicha wetu, sokoni, mama muuzaji akaniongezea fungu. "Ya Madame Hervé," akasema. Vijana wa pikipiki wakawa wananiimbia. Shangazi yangu wa Mbuji-Mayi akapiga simu kuuliza kitenge cha harusi ni rangi gani, maana yeye kijani kinamfanya mnene.

Na mama yangu akaomboleza. Kabisa. Alikaa barazani, mkono shavuni.

"Ulipata bwana siku ya Bwana," akasema. "Kesho yake weye mwenyewe ukamufuta."

"Mama, hakukuwa wangu!"

"Nani alikuwa wake tangu tumbo ya mama yake? Bantu banazoeana."

Nilijifariji kwa kazi. Angalau, nikajisemea, nimerekebisha. Danielle atapata ndoa yake, Papa Casimir atalala, na Jumapili ijayo Abbé Albert atasoma jina linalostahili.

Jumamosi alasiri, nikiwa naanika nguo, lango likagongwa.

Alikuwa Danielle.

Hakuwa na kilemba cha dhahabu. Alivaa kombinezoni ya buluu, ile ovaroli ya kipande kimoja, na mikono yake ilikuwa na madoa ya ile vanishi ya kahawia wanayopaka nyaya za mota. Nilikuwa sijui hata anafanya kazi gani. Kumbe ni fundi. Ana kibanda chake huko mtaa wa Panda, kando ya makambi ya zamani ya wafanyakazi wa mgodi. Mota za pampu zikiungua wanamletea. Anafungua, anatoa waya uliokufa, anasuka mpya kwa mkono, mzunguko juu ya mzunguko.

Nikashika beseni la nguo kifuani kama ngao.

"Kama ulikuya kunipiga, mama yangu iko ndani."

"Sikuya kupiga. Nikae?"

Akakaa kwenye kiti cha plastiki. Halafu akasema kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka najisikia mjinga.

"Josée, juu ya nini ulirudisha jina yangu?"

"Namuna gani juu ya nini? Ilikosekana."

"Haikukosekana. Mi njo niliitosha, niliitoa pale."

Beseni likashuka lenyewe mapajani.

Akanieleza, akisugua vidole.

Hervé si mtu mbaya. Hanywi sana, hapigi, anasalimia wakubwa. Alikuwa anafanya kazi machimbo ya chokaa ya Kakontwe, sasa amepata kazi nyingine Kolwezi, na harusi ikiisha wanahamia huko kwa mama yake. Kibanda cha Panda kifungwe. "Bibi yangu hawezi kushika waya," ndivyo alivyomwambia, akicheka, kama mtu anayetoa zawadi. Danielle akamwambia hataki. Akacheka tena. Akamwambia mara nyingine. Akacheka, akambana shavu.

"Na mujomba?" nikauliza.

"Mujomba alinikomesha tangu niko mutoto mudogo. Alishakula mali, alishaita bantu. Nitamwambia na kinywa gani? Kila siku nilisema kesho. Nikafika Ijumaa, ile ya mbele ya misa, nikaona sina kesho tena. Nikaenda kwa Papa Stanislas. Nikamwambia, papa, tosha jina yangu kwanza, mi nipate nguvu ya kusema. Na usiseme na muntu."

"Na yee akatosha."

"Akatosha. Mais alitosha jina tu! Bwana akamwacha pale paka yee moja, yee peke yake!"

Nilishindwa. Nikacheka. Samahani, lakini mtazame Hervé wa watu, peke yake kwenye ukurasa na tai yake, akiahidi ndoa na hewa. (Baadaye Papa Stanislas alinipa maelezo yake, kwa heshima zote: "Aliniomba nitoshe jina. Nikatosha jina. Hakusema nitoshe bwana.")

Danielle naye akacheka kidogo, kicheko kikakatika.

"Niliwaza Abbé ataona kosa, ataruka. Kumbe mashini yako ikakuweka weye. Mujomba akanitazama. Nikaogopa. Nikasema, kama sitapiga kelele, atajua. Njo nikakutukana. Unisamehe, Josée. Sikukuwa na hasira na weye. Nilikuwa karibu kukushukuru."

"Kunishukuru!"

"Nilisema, pengine Hervé atamupenda ule wa photo."

Sasa nilianza kuelewa kile kikohozi cha Papa Stanislas. Nilianza kuelewa macho makavu. Msichana wa watu alikuwa amekusanya ujasiri wake wote akafungua kadirisha kadogo, na mimi, mtaalamu, nikaja mbio na misumari.

"Nilirudi kwa Papa Stanislas juzi," akasema. "Alijaribu kufuta. Mashini ikakatala. Akaniambia, ule mutoto wa site alifunga, enda umuone yee. Kesho Abbé atasoma, Josée. Akisha kusoma, mi sitakuwa tena na kinywa."

Nikaingia ndani, nikatoka na kompyuta, nikaiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Mama alitokea mlangoni. Alipomwona Danielle akajitayarisha kwa vita, mikono kiunoni. Nikamtazama tu. Akaelewa, akarudi ndani. Mama yangu ana maneno mengi, lakini anajua pia wakati wa kuyaficha. Anajificha nyuma ya pazia, lakini anajificha.

"Sikiliza," nikamwambia Danielle. "Naweza kuficha bloku. Mujomba yako sitaweza kumuficha."

"Najua. Kesho nitasema. Mais nataka niseme mbele jina yangu haijasomwa, si nyuma."

Kwanza nikabadilisha programu. Nilichoandika ni kifupi, mistari michache, na nadhani ndiyo mistari bora niliyowahi kuandika: jina la mmoja likikosekana, usitafute lingine. Usijaze. Bloku yote isionekane, mpaka wote wawili waandikwe.

Halafu nikafungua ukurasa wao. Jina lake likawa pale, refu, na ukoo wa babu juu yake.

Ningeweza kulifuta mimi. Kidole kilikuwa tayari. Lakini nilikuwa nimeshafanya vya kutosha kwa vidole vyangu wiki ile.

Nikamgeuzia kompyuta.

"Futa weye mwenyewe."

Alijifuta mikono kwenye kombinezoni, mbele na nyuma. Akatafuta batani ya kufuta. Akafuta herufi moja, akasita. Akaendelea, moja moja, bila kuharakisha, nafikiri ndivyo anavyotoa waya ulioungua. Alipomaliza nikamwonyesha pa kubonyeza.

Ukurasa ukajipanga upya. Bloku yao ikaondoka, ya saa za misa ikapanda, ya habari ikajaza palipobaki.

"Ni vile tu?" akauliza.

"Kwa mashini, ni vile tu."

Akavuta pumzi.

"Sasa njo kunabakia bantu," akasema.

*

Jumapili. Kanisa lilijaa kuliko Pasaka. Watu walikuja kusikia mimi naolewa na nani safari hii.

Abbé Albert akafika kwenye matangazo. Akasoma misiba. Akasoma mkutano wa akina mama. Akapandisha kidole juu ya tablet, akashusha, akapandisha.

"Bon. Ahadi ya ndoa... naona haina."

Mnong'ono ukapita kama upepo kwenye mahindi.

Papa Casimir akasimama, katikati ya misa, na kidole chake kikanitafuta.

"Tena! Tena huyu mutoto na mashini yake! Abbé, mi siondoke hapa. Arudishe jina ya mutoto yangu!"

Kanisa lote kwangu. Ningeweza kusema ni hitilafu, mtandao, umeme. Likasi yote ingeniamini. Umeme kwetu unabeba lawama za kila kitu. Mdomo ukafunguka.

"Mujomba." Danielle alikuwa amesimama. "Si Josée. Ni mi njo nilifuta."

Kanisa likageuka kwake, hata watoto.

"Na mara ya kwanza ni mi. Josée nilimutukana bure. Mujomba, ulinikomesha, na sijui nitakulipa na nini. Mais sitaki ile ndoa. Nilikuwa naogopa kukuambia."

Papa Casimir alibaki na kidole hewani, hakijui tena kimwelekee nani. Abbé Albert, ambaye kwa mara ya kwanza tablet haikumsaidia, akasema kwa upole, "Tuimbe kwanza." Tukaimba. Sijawahi kusikia wimbo wa sadaka ukiimbwa vibaya vile.

Nje, uwanjani, Hervé alimfuata Danielle. Tai ilikuwa mkononi.

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Nilikuambia, Hervé. Mara mingi. Ulikuwa unacheka."

Alifungua mdomo ajibu. Nadhani alikuwa anazitafuta kichwani zile mara, na akazipata moja moja, maana uso wake ulibadilika. Alikunja tai, akaitia mfukoni, akainamisha kichwa kama mtu anayekubali, akaenda zake. Nilimwonea huruma. Kweli nilimwonea.

Papa Casimir alikuwa amekaa kwenye ngazi za kanisa, mzito, anahema. Danielle akaenda akakaa ngazi ya chini yake. Mzee akachukua ule mkono wenye madoa ya vanishi, akautazama kama anauona kwa mara ya kwanza.

"Mutoto," akasema, "mi naogopesha namuna ile?"

"Kidogo, mujomba."

"Ah." Akafikiri. "Ile kelele ya kanisa, nilisimama juu ya kukutetea. Niliona banakuzarau."

"Najua."

Mambo ya mali waliyamaliza wazee wa pande zote mbili, na mimi sikuwepo, wala sihitaji kujua. Najua tu kwamba Hervé yuko Kolwezi, na kwamba kibanda cha Panda kiko wazi. Wiki iliyopita nilimkuta Papa Casimir amekaa mbele yake kwenye benchi, akiwapigia wateja kelele wapange mstari.

Siku ile, tukitoka kanisani, mama alitembea kimya hadi kwenye kona. Ajabu kubwa. Nikajua kuna kitu kinapikwa. Kufika kwenye kona akanivuta sikio karibu.

"Donc," akasema, "ule kijana sasa iko libre, hana tena muntu?"

"Mama!"

"Mi nauliza tu. Photo ilitoka muzuri."

Ndugu yangu uliyesoma hadi hapa, chukua hili uende nalo. Mimi kazi yangu ni kujaza nafasi, na nikiona pengo mikono inaniwasha. Lakini kuna pengo ambalo si kosa. Ni mtu amekujibu kwa kunyamaza, kwa sababu bado hajapata sauti. Ukikuta jina la mtu halipo mahali ulipozoea kuliona, usikimbilie kuliandika. Nenda kamuulize mwenye jina, na akikujibu, usicheke.